Kabla ya kumsema, nenda ukamwone

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili. Huenda unasoma gazeti hili baada ya ibada ya kwanza, au unasubiri ya pili ianze. Umeimba, umesali, umetoa sadaka, na ulipofika wakati wa kupeana amani umewashika mkono wote waliokuwa karibu nawe. Kesho ni Jumatatu. Utafungua mlango wa ofisi, wa darasa, wa zahanati au wa duka, na humo yumo mtu mmoja ambaye hamjapeana mkono kwa muda mrefu. Unamjua. Naye anakujua. Wenzenu wote kazini wanajua, hata mlinzi wa getini anajua.

Leo ninaomba tutafakari habari za mtu huyo.

Katika Mathayo sura ya 5, mstari wa 23 na wa 24, Bwana Yesu anazungumzia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana jambo juu yake. Anamwagiza aiache sadaka palepale, aende kwanza wakapatane, ndipo arudi kuitoa. Tumezoea kulisikia agizo hili kana kwamba ni jepesi. Lakini angalia waliokuwa wakisikiliza walikuwa wapi. Walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, umbali wa zaidi ya kilomita 100 na mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Ni kama mkazi wa Gairo atembee hadi Morogoro mjini na mbuzi wake, apange foleni, zamu yake ifike, halafu akumbuke kwamba hasemezani na mwenzake wa kazi kule Gairo. Yesu anamwambia amwache mbuzi na ageuze njia.

Angalia na jambo la pili. Yesu hasemi nani mwenye makosa. Hasemi uende iwapo wewe ndiye uliyekosa. Anasema tu kwamba umekumbuka kuwa mwenzako ana jambo. Hiyo inatosha kukuinua ulipoketi.

Nimeitaja Gairo kwa sababu. Kwa miaka mingi wasafiri wameijua kama mji wa upepo na baridi, mahali mabasi na malori yanaposimama kati ya Morogoro na Dodoma. Tangu mwaka 2012 ni wilaya kamili, baada ya kumegwa kutoka Kilosa. Wilaya inapozaliwa huja na ofisi, na ofisi huja na watumishi. Leo utamkuta mwalimu aliyetoka Kagera, muuguzi aliyetoka Mbeya na ofisa kilimo aliyetoka Mara, wote wakifanya kazi pamoja na wenyeji Wakaguru. Tena wengi wao hawapo barabarani panapoonekana na abiria. Wapo Chakwale, Iyogwe, Rubeho, na juu kabisa Nongwe, kwenye milima ya Ukaguru, ambako mvua ikinyesha vizuri gari hufika kwa rehema za Mungu.

Katika vituo kama hivyo watumishi ni wachache. Mtu unayegombana naye kazini ndiye jirani yako kwenye nyumba za watumishi. Mnachota maji sehemu moja. Mnapanda gari moja kwenda mjini kufuata mshahara. Jumapili mnakaa benchi moja la kwaya, yeye sauti ya pili, wewe ya tatu. Mjini mkubwa mtu anaweza kugombana na mwenzake saa nane mchana na saa kumi akapotelea mtaani kwake. Kwenye kituo kidogo hakuna pa kupotelea. Ugomvi unakufuata nyumbani, unakusubiri kisimani, unaingia nawe kanisani.

Wahenga walisema vyombo vya kabati moja havikosi kugongana. Kugongana si dhambi. Watu wawili wanaofanya kazi kwa bidii lazima watofautiane: juu ya zamu, juu ya nani aende semina, juu ya ripoti iliyochelewa, juu ya neno lililosemwa mbele ya wazazi wa wanafunzi. Dhambi huanza pale tunapoamua kuishi na mgongano ule kama mpangaji wa kudumu, tukamtengea chumba na kumlisha.

Tena tunamlisha kwa jasho la watu wengine. Chukua mfano wa zahanati ya kijijini ambayo tabibu na muuguzi wake hawasemeshani. Usiku wa manane analetwa mama mjamzito. Muuguzi yupo zamu, anaona dalili ambayo asingependa kuiamulia peke yake. Tabibu analala nyumba ya tatu kutoka hapo. Siku ya kawaida angemgongea dirisha mara moja. Usiku huu anasita. Anakumbuka alivyojibiwa wiki iliyopita. Anasema ngoja nisubiri kidogo, huenda hali ikatulia. Dakika kumi zinapita, dakika ishirini zinapita. Mama yule pale kitandani hajui lolote kuhusu ugomvi wa posho ya chanjo. Hakuwapo. Lakini ndiye anayeulipia.

Au chukua shule ambayo mwalimu wa taaluma na mwalimu wa hisabati wa darasa la saba wamenuniana. Ratiba inapangwa bila kuulizana. Mtihani wa kujipima unatungwa bila mada zilizofundishwa. Mtoto anarudi nyumbani na alama mbaya, baba anamgombeza kwa uvivu. Fahali wawili wamepigana, na nyasi ni mtoto wa darasa la saba.

Basi tusiseme ugomvi wa kazini ni mambo binafsi. Kazi tuliyopewa ni huduma kwa watu, na ugomvi wetu unakata mkono wa huduma hiyo.

Sasa tujiulize: mtu akitukosea kazini, kwa kawaida tunakwenda wapi? Tukiwa wakweli, tunakwenda kila mahali isipokuwa kwake. Tunamweleza rafiki wakati wa chai. Tunamweleza mwenzi nyumbani, naye anamchukia mtu ambaye hajawahi kuzungumza naye. Tunaandika fumbo kwenye kundi la WhatsApp la watumishi, halafu tunaongeza kwamba sijamtaja mtu. Tunamchongea kwa mkuu wa kituo. Tunamchunia, tunapita kana kwamba ni nguzo ya umeme. Na sisi watu wa kanisa tuna njia moja ambayo wasioamini hawana: tunapeleka jina lake kwenye kikundi cha maombi, tunaeleza kwa kirefu dhambi zake ili, eti, wenzetu wajue namna ya kumwombea. Majungu yaliyofungwa kwa sala bado ni majungu.

Katika Mathayo sura ya 18, kuanzia mstari wa 15, Bwana Yesu ametupa mpangilio ulio wazi. Kwanza umwendee mwenyewe, mkiwa wawili tu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Asiposikia hao, jambo lifikishwe kwa kanisa. Sisi tumeugeuza mpangilio juu chini. Tunaanza na kanisa zima, au na ofisi nzima. Baadaye tunatafuta wawili watatu wa kuwa upande wetu. Na mwenyewe anakuwa wa mwisho kupata habari, tena anazipata kwa watu.

Kwa nini hatua ya kwanza inatushinda? Kwa sababu ndiyo pekee inayotutaka tumtazame mtu usoni. Kumsema mtu pembeni hakuhitaji ujasiri, na hakuna anayetuuliza swali gumu. Lakini ukienda kwake peke yako, anaweza kukuambia jambo ambalo hukulijua, nawe ukalazimika kupunguza hasira uliyoitunza kwa miezi.

Wenyeji wa Ukaguru, kama watu wa sehemu nyingi za nchi yetu, walilifahamu tatizo hili kabla ya ofisi kujengwa. Ndiyo maana kulikuwa na utani. Mtani ana ruhusa ya kukuambia usoni jambo ambalo ndugu yako anaogopa kulisema. Hata msibani, pale ambapo kila mtu amenyamaza, mtani anasema wazi kwamba marehemu alikuwa mkaidi au kwamba wafiwa hawakumtunza, watu wanacheka, na ukweli umeshafika. Mtani hasemi pembeni. Utani unaosemwa mgongoni mwa mtu haustahili jina hilo, ni umbea tu. Babu zetu walijua kwamba ukweli unahitaji mlango wa kuingilia, na mlango huo uelekee usoni pa mhusika. Kama utamaduni wetu ulimtengea mtu wa kazi hiyo, sisi tuliobatizwa tunashindwaje?

Historia ya Kanisa la Afrika Mashariki ina kisa kimoja kilichoanzia kazini, nacho kinastahili kusimuliwa tena. Mwishoni mwa miaka ya 1920, misheni ya Kianglikana ya CMS ilikuwa na hospitali mahali panapoitwa Gahini, mashariki mwa Rwanda. Daktari alikuwa Mwingereza, Joe Church. Kiongozi wa wasaidizi wa hospitali alikuwa Yosiya Kinuka, mtu wa Uganda. Ilikuwa hospitali ya misheni, sala zilikuwapo kila siku, lakini mahusiano kati ya wafanyakazi hayakuwa mazuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Kinuka alisafiri kwenda Kampala na kumtembelea Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Buganda ambaye mwaka 1929 alikutana na Dk. Church kule Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Nsibambi alimuuliza habari za Gahini. Kinuka akafungua mzigo wa malalamiko juu ya hali mbaya ya hospitali. Wengi wetu tungefanya nini mahali pa Nsibambi? Tungetikisa kichwa, tungesema pole, tungeongeza na malalamiko yetu wenyewe kuhusu kazini kwetu. Nsibambi hakufanya hivyo. Alimwambia Kinuka kwamba chanzo cha ubaya ule kilikuwa ndani ya moyo wake yeye Kinuka.

Hayo si maneno matamu kwa mgeni aliyetoka mbali. Lakini yalimwingia. Katika safari ya kurudi Rwanda, Kinuka alitubu na kujitoa kwa Kristo, na alipofika Gahini wenzake kazini waliona kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka. Watu wa Gahini waliendelea kuomba na kusoma Neno, na mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano uliofanyika palepale, watu walianza kukiri dhambi zao na kupatana. Huo ndio uamsho uliovuka kwenda Uganda na Kenya, ukaingia Tanganyika kupitia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, ukasambaa katika makanisa ya Kianglikana na ya Kilutheri. Bibi na babu wengi wa Morogoro na Dodoma walioimba Tukutendereza waliimba wimbo wa uamsho huo. Tunapousimulia huwa tunataja mikutano mikubwa. Tunasahau kwamba mmoja wa watu wake wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa hospitali aliyekwenda kuwasema wenzake, akaambiwa ajitazame kwanza.

Tusikielewe kisa hiki vibaya. Hakisemi kwamba wenzake Kinuka walikuwa malaika. Huenda mengi aliyolalamikia yalikuwa ya kweli. Kinachosemwa ni kwamba mtu hawezi kurekebisha sehemu ya mwenzake kabla ya kushika sehemu yake. Wewe una ufunguo wa mlango mmoja tu, nao ni wako. Wazee wa uamsho walikuwa na msimamo ambao baadhi yetu tumeupoteza: unaposimama kukiri, kiri ya kwako. Usitumie toba yako kama fimbo ya kumpigia mwingine, kwa kusema ninatubu kwa kumchukia fulani kutokana na ubaya wake.

Basi ukiamua kwenda, nenda vipi? Niruhusu niseme mambo machache ya kawaida kabisa.

Nenda ukiwa umetulia, lakini usikawie. Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso, sura ya 4, kwamba hasira isilale hadi siku ya pili. Hasira iliyolala ndani huamka ikiwa na watoto. Hata hivyo usiende dakika ileile unapotetemeka. Kunywa maji, sali, kisha nenda.

Chagua mahali pasipo na watazamaji. Usimwendee kwenye chumba cha walimu wakati wa chai, wala mbele ya wagonjwa waliopanga foleni. Mtu akiwa na watazamaji hujibu kwa ajili ya watazamaji.

Taja tendo, usitaje tabia. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema, Mwalimu, juzi ulibadilisha kipindi changu bila kuniambia, na kusema, Mwalimu, wewe una dharau. Tendo mnaweza kulizungumza na kulirekebisha. Tabia inamfanya ajitetee, na hapo mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza. Na mwite kwa heshima anayostahili. Kama ni dada, mwite dada. Kama amekuzidi umri, shikamoo haijawahi kumvunja mtu shingo, hata kama mmenuniana mwezi mzima.

Kisha uliza, halafu nyamaza. Uliza, wewe uliliona vipi jambo hili? Ukishauliza, usijibu kabla hajamaliza. Mara nyingi utagundua kwamba hakujua kama alikuumiza, au kwamba naye alikuwa amebeba jeraha ulilompa wewe bila kujua.

Mwisho, mkubaliane jambo moja la kufanya, lililo dogo na linaloonekana. Kuanzia leo tukibadilishana zamu tutaandika kwenye daftari. Kuanzia leo nikiwa na shida na ripoti yako nitakupigia simu kabla sijaipeleka mbele. Msamaha usio na utaratibu mpya mara nyingi hurudi ulikotoka.

Hata sheria za nchi yetu zimeiweka hekima hii mbele. Mtumishi wa sekta binafsi akiwa na mgogoro na mwajiri wake, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoifahamu kama CMA. Kabla ya uamuzi wowote, pande mbili hukaa kwanza na msuluhishi, naye ana siku 30 za kuwasaidia wapatane, isipokuwa wenyewe wakubaliane kuongeza muda. Wanayoyasema katika usuluhishi ni siri, hayatumiwi baadaye kama silaha dhidi yao. Angalia mpangilio huo: kwanza kuzungumza, tena faraghani, ndipo mwamuzi. Ingesikitisha kama watu wa Injili tutakuwa wepesi wa kushtakiana kuliko wanasheria.

Lakini hapa lazima niseme jambo jingine kwa uzito uleule, kwa sababu mafundisho ya kupatana yameshatumiwa kuwanyamazisha watu walioonewa. Si kila tatizo la kazini ni ugomvi. Mengine ni dhuluma. Mwajiri asiyelipa mshahara wa mfanyakazi wa duka lake kwa miezi mitatu hana ugomvi naye. Anamnyonya, na Yakobo sura ya 5 inasema kilio cha ujira wa namna hiyo kimefika masikioni mwa Bwana. Mkubwa anayemtaka binti kimwili ndipo ampe kazi au cheo hana kutoelewana naye. Anatenda kosa la jinai, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitambua hivyo. Binti huyo asiambiwe aende akamwone mkubwa wake wakiwa wawili. Hapo ndipo hatari ilipo. Aende TAKUKURU, aende polisi, aende kwa mtu mzima anayemwamini, na kanisa limsindikize.

Mfanyakazi aliyeachishwa kazi bila haki asikae nyumbani akidhani kudai ni ukosefu wa imani. Sheria inampa siku 30 kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi CMA, na siku hizo hazisubiri mtu amalize kufunga na kuomba. Mwalimu wa shule ya serikali anayo Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Paulo mwenyewe, alipotaka kupigwa mijeledi bila hukumu, alitaja uraia wake wa Kirumi. Kumsamehe mtu na kudai haki vinaweza kukaa katika moyo mmoja. Ujue tu ni kipi kilicho mbele yako. Ukiita dhuluma ugomvi, unamwacha mnyonge. Ukiita kila ugomvi dhuluma, unamfanya kila mwenzako adui.

Nawe uliye kiongozi, mganga mfawidhi, mwalimu mkuu, mtendaji, meneja, usisome makala haya ukiwafikiria watumishi wako tu. Migogoro mingi inayoitwa ya watu wawili chanzo chake ni meza yako. Soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilipata manung'uniko: wajane wa upande wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume wangeweza kuwakemea walionung'unika na kuwahubiria habari za umoja. Hawakufanya hivyo. Walikubali kwamba utaratibu una kasoro, wakataka wachaguliwe watu saba wa kuusimamia, na majina ya wale saba ni ya Kiyunani. Yaani waliokuwa wakisahauliwa walipewa watu wao mezani. Manung'uniko yakaisha, na kazi ikaendelea.

Kama posho hugawiwa gizani, kama semina huenda mtu yuleyule kila mara, kama zamu za usiku humwangukia mgeni asiye na ndugu, usiwaite watumishi uwahubirie upendo. Bandika ratiba ukutani. Soma hesabu mbele ya wote. Na mtu akija kumchongea mwenzake, muulize swali moja kabla hajaendelea: umeshamwambia mwenyewe? Swali hilo, likiulizwa kila mara, litaponya ofisi kuliko vikao kumi.

Yapo pia mambo ambayo hata tukienda vizuri hayataisha kama tunavyotaka. Paulo na Barnaba walikuwa watumishi wenzi, wamesafiri pamoja, wameteswa kwa ajili ya Injili moja. Matendo sura ya 15 inaeleza bila kuficha kwamba walishindana vikali juu ya Yohana Marko, kijana aliyewaacha njiani Pamfilia. Barnaba alitaka kumpa nafasi ya pili, Paulo hakutaka. Wakaachana. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro, Paulo akamchukua Sila.

Ninaushukuru ukweli huo wa Maandiko. Wakati mwingine watu wawili wema hawawezi kufanya kazi chumba kimoja, na kuomba uhamisho si dhambi. Lakini angalia yaliyofuata. Hatusomi popote kwamba Paulo alizunguka makanisani akimchafua Barnaba. Alipowaandikia Wakorintho baadaye alimtaja kwa heshima, kama mtenda kazi mwenzake. Na karibu na mwisho wa maisha yake, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa kwa huduma. Marko yuleyule. Mlango ulifungwa, lakini haukupigwa misumari.

Ndugu msomaji, huenda mtu wako ameshahamishwa kituo. Huenda amestaafu. Simu ipo. Huenda utakwenda na asikupokee. Basi utakuwa umefanya sehemu yako, na utakuwa na haki ya kuchukua mtu wa pili, mwenye busara, asiye na upande. Huenda yeye ndiye mwenye makosa makubwa na wewe una dogo tu. Nenda na hilo dogo lako. Aliye na kosa dogo ndiye mwenye safari fupi.

Kesho asubuhi, kabla ya kusaini daftari la mahudhurio, kabla kundi la WhatsApp halijaanza kulia, mtafute. Usiende na hotuba. Sema tu kwamba kuna jambo ungependa mzungumze wawili, na muulize ana nafasi saa ngapi. Maneno hayo hayafiki hata sentensi tatu. Na kuna mgonjwa, au mwanafunzi, au mteja, ambaye hatajua kamwe kwamba uliyasema, lakini atahudumiwa vizuri zaidi kwa sababu yake.

Sadaka uliyotoa leo Mungu aipokee. Ile nyingine inakusubiri kazini.

Nawatakia Jumapili njema na Jumatatu yenye amani.